Gari Halichaji: Pima Kwanza, Betri Utanunua Baadaye

Betri ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote ndani ya gari. Unazungusha ufunguo asubuhi, stata inagonga tak-tak-tak kisha kimya, na kabla boneti haijafunguliwa kila aliyesimama pembeni ameshatoa hukumu: betri imekufa. Huenda kweli imekufa. Lakini betri hufa kwa uzee, hufa kwa njaa, na hufa kwa kulishwa kupita kiasi. Katika vifo hivyo vitatu, ni kimoja tu ambacho dawa yake ni betri mpya. Viwili vilivyobaki vitaimaliza hata hiyo mpya.

Hilo nalijua kwa kulilipia. Niliwahi kubadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja kabla sijainama vizuri na kuona kwamba waya wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, umebakiwa na nyuzi chache. Nyingine zote zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Tangu siku hiyo sinunui kifaa chochote cha umeme wa gari kabla mita haijasema.

Utakachohitaji si kingi: mita ya dijitali yenye kupima volti na ampea (hata ya bei ndogo inatosha), spana za vichwa vya betri, brashi ya waya, magadi kidogo na maji, glavu na miwani. Maelezo haya ni ya magari ya kawaida ya volti 12. Gari la haibridi au la umeme mtupu lina nyaya za volti nyingi, aghalabu za rangi ya machungwa, hizo usiziguse.

Kabla hujashika spana

Betri inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti karibu. Vua pete na saa. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Sababu ni kwamba bodi yote ya gari ni hasi: ukianza na chanya, spana ikigusa bodi tu umeshatengeneza mashine ya kuchomelea. Tindikali ikikurukia, osha kwa maji mengi papo hapo, na kama ni jichoni endelea kuosha huku ukitafuta daktari.

Kuna mchezo mmoja wa zamani ambao naomba uuache kabisa: kufungua waya wa betri wakati injini inaunguruma ili kuona kama gari litazima. Wazee walifanya hivyo kwenye magari yasiyo na kompyuta. Leo, ukitoa betri ghafla, volti ya altaneta (kifaa kinachozalisha umeme injini ikiwaka) inaruka juu kwa nukta ya sekunde, na kuruka huko kunaweza kuunguza daiodi, redio na kompyuta ya injini kwa pamoja.

Nani anafanya kazi gani

Kazi kubwa ya betri ni kupiga stata, ile mota inayoizungusha injini mpaka iwake. Injini ikishawaka, mzigo wote (taa, feni, pampu ya mafuta, kompyuta) unabebwa na altaneta, ambayo pia inairudishia betri kile ilichotoa. Altaneta inazungushwa na mkanda. Ndani yake kuna rota yenye koili inayopokea umeme kidogo kupitia brashi mbili za kaboni na kugeuka sumaku. Sumaku hiyo ikizunguka katikati ya koili zisizozunguka, umeme unazaliwa. Umeme huo ni wa mkondo geu, unaokwenda na kurudi, kwa hiyo unapitishwa kwenye daiodi ili uelekee upande mmoja tu. Regyuleta ndiyo bawabu: ikiona volti imeshuka inaongeza nguvu ya sumaku, ikiona imepanda inapunguza.

Ukiielewa njia hiyo, mkanda, altaneta, waya mnene, fyuzi kubwa, betri, kisha ethi ya kurudi, umeshaelewa nusu ya kazi. Kosa lazima liwe mahali fulani kwenye mzunguko huo.

Hatua ya 1: macho na masikio

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyekundu yenye picha ya betri lazima iwake. Injini ikiwaka, lazima izime. Isipowaka kabisa kwenye swichi, usifurahi. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta, na balbu iliyoungua peke yake inatosha kuifanya altaneta ilale. Ikiwaka ukiwa njiani, altaneta imeacha kuzalisha na unatumia akiba ya betri. Zima kiyoyozi, redio na kila usichokihitaji, na usizime injini mpaka ufike mahali salama. Lakini tazama geji ya joto pia: kama mkanda umekatika na ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji, injini itachemka, na hapo huna budi kusimama.

Taa inayowaka kwa ufifi, au inayopepesa ukikanyaga mafuta, mara nyingi inaashiria brashi zilizolika au daiodi iliyoharibika.

Injini ikiwa imezimwa, shika mkanda. Una nyufa? Unang'aa upande wa ndani kama kiatu kilichopigwa rangi? Una mafuta? Mkanda unaopiga kelele unapowasha gari asubuhi au unapowasha taa kubwa unateleza, na altaneta inayozungushwa na mkanda unaoteleza haiwezi kumudu kazi yake. Kama gari lako lina kikaza mkanda cha springi, tazama kama kinarukaruka injini ikiwa imewaka.

Sasa vichwa vya betri. Jaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikigeuka hata kidogo, umeshapata kosa la kwanza na huenda ndilo la pekee. Unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yaliyochanganywa na magadi, usiruhusu maji hayo yaingie ndani ya betri, kisha sugua nguzo na upande wa ndani wa kichwa mpaka risasi ing'ae. Watu wengi husugua juu tu panapoonekana. Umeme haupiti juu, unapita pale kichwa kinapobana nguzo.

Betri iliyovimba ubavu, au inayonuka kama yai viza, usiijampu (kuiwasha kwa nyaya kutoka betri ya gari jingine) wala usiichaji. Ama imelishwa kupita kiasi, ama imekufa kwa ndani. Zima gari na uiache ipoe kabla ya kuigusa.

Dokezo moja kwa aliyejampu gari kabla ya kuanza kupima. Likizima mara tu, au dakika chache baada ya kuondoa nyaya, shuku altaneta na njia yake. Likitembea siku nzima bila tatizo halafu likagoma kesho yake asubuhi, shuku betri, au kitu kinachonyonya umeme usiku.

Hatua ya 2: volti wakati gari limelala

Pima asubuhi kabla hujafungua milango, au angalau saa kadhaa baada ya kuzima. Betri iliyotoka barabarani huwa na volti ya juujuu inayodanganya. Kama huwezi kusubiri, washa taa kubwa kwa dakika mbili injini ikiwa imezimwa, zima, subiri kidogo, ndipo upime.

Volti 12.6 na kuendelea, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na chini ya hapo hesabu kwamba haina kitu. Ukisoma karibu na 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa: betri ina seli sita, kila moja ikitoa takribani volti 2.1, na hapo mita inakuonyesha seli tano tu.

Volti nzuri peke yake haithibitishi nguvu. Betri mzee inaweza kuonyesha 12.6 ikiwa imelala na kuanguka mara inapoambiwa ifanye kazi. Na betri iliyo chini ya 12.4 usiihukumu bado. Ichaji kwa chaja kwanza, maana betri yenye njaa na betri mbovu hufanana sana.

Hatua ya 3: volti wakati wa kupiga stata

Weka waya za mita kwenye nguzo zenyewe za betri, mwenzako apige stata, nawe usiondoe macho kwenye mita. Kwa betri iliyojaa, katika hali ya hewa isiyo ya baridi kali, volti isishuke chini ya 9.6. Ikishuka mpaka 7 au 6, betri imechoka, au stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi.

Kinyume chake ndicho kinachowaponyoka wengi. Stata inazunguka kwa uvivu, au haigusi kabisa, na huku mita inaonyesha 12 na ushei. Hapo betri haina hatia. Umeme upo ila haufiki: tafuta kwenye nyaya, ethi, swichi au stata yenyewe.

Hatua ya 4: volti injini ikiwaka

Washa injini, subiri dakika chache, pima tena kwenye nguzo za betri. Kwenye magari mengi unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.7. Kisha kanyaga mafuta kidogo, mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, na uwashe kila kitu: taa kubwa, feni ya ndani kwa kasi ya mwisho, kipasha joto cha kioo cha nyuma. Volti itashuka kidogo, lakini ibaki juu ya 13.5 au jirani sana na hapo. Ikishuka kidogo injini isipokanyagwa na kupanda ukikanyaga, hakuna neno.

Ikibaki 12 na pointi kama ilivyokuwa imelala, hakuna kinachoingia. Ikianza 14 halafu ikateremka polepole kadiri unavyoongeza mzigo, mkanda unateleza au altaneta imedhoofika.

Ikipita 15 na kubaki huko, regyuleta imeacha kulinda mlango. Betri itachemka, balbu zitaungua moja baada ya nyingine, na hilo si la kuahirisha. Ila kabla ya kulaani regyuleta, kagua soketi na ethi ya altaneta. Kuna regyuleta zinazosoma volti ya betri kwa waya mwembamba wa pembeni; waya huo ukiota kutu, regyuleta inadhani betri ina njaa na inazidi kuilisha.

Magari ya karibuni yana mtego wake. Kompyuta ndiyo inayoiamuru altaneta, na betri ikiwa imejaa inaweza kushusha volti mpaka karibu na 12.5 kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kisha ikapandisha hadi karibu na 15 unapoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Mtu anapima mara moja, anaona 12.7, anang'oa altaneta nzima isiyo na kosa. Kwa gari la namna hiyo washa taa na mizigo mingine, tazama mita kwa dakika kadhaa, na angalia kama kuna kisanduku kidogo chenye soketi kwenye kichwa cha hasi cha betri. Hicho ndicho kihisio kinachoipa kompyuta habari.

Hatua ya 5: kusaka volti zinazopotea njiani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwangu mimi ndiyo yenye thamani kuliko zote. Altaneta inaweza kuzalisha 14.4 safi kabisa na betri ikapokea 13.3, kwa sababu volti nzima imeishia kwenye kiungo chenye kutu.

Kwanza, injini ikiwa imezimwa, gusa nguzo nene ya nyuma ya altaneta kwa waya mwekundu wa mita na hasi ya betri kwa mweusi. Usome volti ileile ya betri. Ukisoma sifuri, waya mnene umekatika au fyuzi kubwa iliyo kati yake na betri imeungua. Fyuzi hiyo huungua hasa pale mtu anapojampu gari kwa kukosea chanya na hasi. Angalia usiigusanishe nguzo hiyo na bodi kwa spana. Ina umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Kisha washa injini, mizunguko 2,000, taa na feni zikiwaka. Jihadhari na mkanda na feni ya rejeta. Nguo pana na nywele ndefu zifungwe. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya altaneta na mwingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Mita sasa haisomi volti ya betri, inasoma tofauti kati ya ncha mbili za njia moja. Njia ikiwa safi utaona 0.2 au pungufu. Ukiona 0.5 au zaidi, kuna mwizi kati ya pointi hizo mbili. Sogeza waya wa mita kiungo kimoja baada ya kingine. Pale namba inapoanguka ghafla, kosa liko kwenye kiungo ulichokivuka.

Rudia upande wa ethi: waya mmoja kwenye chuma kitupu cha altaneta, mwingine kwenye nguzo ya hasi. Hapa nataka 0.1, na 0.2 ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo, fungua ethi ya injini na ya betri, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza.

Kwa nini nisipime tu waya kwa omu, yaani ukinzani wake, gari likiwa limezimwa? Kwa sababu omu itakudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasoma karibu na sifuri kama waya mzima, kwa kuwa mita inapitisha umeme kiduchu. Mwambie uzi huohuo upitishe ampea 60 uone. Udhaifu wa waya unaonekana ukiwa na mzigo.

Hatua ya 6: altaneta yenyewe

Ukifika hapa mkanda ni mzuri, njia ni safi, fyuzi ni nzima, na bado hakuna chaji. Kagua soketi ya nyaya nyembamba: swichi ikiwashwa, kwa kawaida mmoja wapo unatakiwa uwe na umeme. Kuna jaribio dogo ninalolipenda kwa magari ya zamani. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sogeza bisibisi ya chuma karibu na beringi ya nyuma ya altaneta. Ikivutwa, rota imepata umeme na imegeuka sumaku. Isipovutwa, brashi zimekwisha, regyuleta imekufa, au umeme wa kuamsha haufiki. Kwenye altaneta zinazoamriwa na kompyuta jaribio hili halina maana, kwani nyingi husubiri injini iwake.

Kwa daiodi, weka mita kwenye volti za mkondo geu na upime betri injini ikiwaka na taa zimewashwa. Chini ya 0.1 ni vizuri, ikipita 0.5, daiodi imeungua. Ila pima kwanza injini ikiwa imezimwa: isome karibu na sifuri. Baadhi ya mita za bei ndogo huchanganya mikondo hiyo miwili, na kama yako ni hiyo, jibu lake hapa lisahau.

Brashi na regyuleta mara nyingi hubadilishwa bila kununua altaneta nzima, kwa hiyo muulize fundi wako kabla ya kukubali bei ya kitu kizima.

Hatua ya 7: chaji ni nzuri, asubuhi betri tupu

Hapa kuna anayenyonya usiku. Zima kila kitu, toa ufunguo na uuweke mbali na gari, acha boneti wazi. Fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10, kisha iunganishe kati ya nguzo ya hasi na waya ulioufungua. Ukishaunganisha usipige stata wala usiwashe swichi, utaunguza fyuzi ya mita.

Subiri. Kompyuta za gari hazilali mara moja. Nyingine huchukua nusu saa, nyingine hata saa nzima. Zikilala, usome chini ya miliampea 50. Hesabu ni rahisi: betri ya ampea-saa 60 ikinyonywa miliampea 50 itachukua takribani siku 25 kufika nusu, lakini ikinyonywa miliampea 500 itafika nusu ndani ya siku mbili na nusu.

Ukiona namba kubwa, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke, kisha soma kwenye kifuniko cha kisanduku fyuzi hiyo inalisha nini. Watuhumiwa wa kawaida ni taa ya buti isiyozima, redio na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa baadaye. Fyuzi zote zikiisha na bado inanyonya, fungua hasi ya betri kabisa, toa waya mnene wa altaneta na uufunike usiguse chuma, kisha pima upya. Kunyonya kukiisha, ni daiodi ya altaneta inayovujisha umeme kinyumenyume.

Ukishapata kosa

Sasa tu ndipo betri ihukumiwe. Kama ina vifuniko, ongeza maji yaliyosafishwa, kamwe si tindikali, mpaka yafunike sahani, ichaji, kisha pima kwa haidromita, kipimo cha uzito wa maji ya betri: 1.265 ni seli iliyojaa, na tofauti ya 0.050 kati ya seli na seli inaonyesha kwamba betri imefika mwisho. Iliyozibwa ipeleke ikapimwe kwa mzigo. Miaka mitatu hadi mitano ni umri wa kawaida, na joto kali huupunguza.

Betri tupu usimwachie altaneta aijaze, hata kama umemtengeneza leo. Atafanya kazi kwa nguvu zote kwa muda mrefu huku akipata joto, na unaweza kurudi hatua ya 6. Tumia chaja, kwa moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ampea 6 kwa betri ya 60. Kama gari lina kihisio kwenye hasi, bana hasi ya chaja kwenye chuma cha bodi, si kwenye nguzo. Na kama umelazimika kununua betri mpya, uliza kama gari lako linahitaji kompyuta iarifiwe. Baadhi yasipoarifiwa huendelea kuichaji kama ile iliyozeeka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, pima tena gari likiwa limelala, kisha likiwaka, kisha likiwa na mizigo. Ziandike namba hizo tatu na tarehe kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ukibandike juu ya betri.